Herufi E kwa Wino wa Buluu

Naandika haya kwa Kiswahili kwa makusudi. Mtu ninayemwandika hakuwahi kukiheshimu. Alikiita lugha ya askari na wachuuzi wa mpakani. Akitaka kuyasoma itabidi amwombe mtu amsaidie, na kuomba msaada ndicho kitu kilichomshinda maisha yake yote, isipokuwa siku moja. Nitafika kwenye siku hiyo.

Kwanza mnijue. Nina diploma ya ualimu, somo la fasihi. Sikuipata kwa mjomba wala kwa mbunge. Niliifulia. Miaka sita nilifua mashuka ya hoteli Nairobi mchana, na jioni nikakaa darasani mikono ikinuka dawa ya kufulia. Leo diploma hiyo iko ndani ya fremu sebuleni kwangu hapa Bwera, juu ya televisheni, na mgeni akiingia huiona kabla hajaniona mimi. Ndivyo nilivyotaka.

Somo lililonifikisha huko ni lile wanafunzi wa huku wanalolikimbia: fasihi ya kale ya Waingereza, ya enzi za wafalme wadogo wadogo waliokaa kwenye kumbi za mbao wakila nyama na kulipana visasi. Ugumu wake uko kwenye msamiati. Kuna majina ya aina za mashairi, majina ya vituo vya katikati ya mstari, majina ya watu na kazi zao ambayo Mwingereza mwenyewe wa leo hayajui. Asiyeyamudu maneno hayo hawezi kujibu swali hata moja la mtihani.

Nilianza kuyasoma Kasese, kidato cha tano, chini ya mabati yaliyokuwa yakilia kwa joto kuanzia saa nne asubuhi. Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa mkuu wa idara, mtu wa koti hata kwenye jua lile, na sifa zake zilifika mpaka Fort Portal. Alifundisha kwa imla, kwa Kiingereza kitupu. Alisimama karibu na dirisha, akafumba macho, akasema na sisi tukaandika. Ubao hakuugusa. Alisema chaki ni ya watu wa hesabu. Alitamka hata alama: "koma", "nukta", kwa sauti ileile, kama padri kwenye sala. Na alikuwa na sheria moja: hakuna kuuliza herufi. Ukinyoosha mkono kuuliza neno linaandikwaje, alifungua jicho moja.

"Sikio lako liko wapi?"

Basi. Darasa linacheka, unashusha mkono.

Kitabu cha somo kilikuwa kimoja kwa shule nzima, kimefungwa kwa karatasi ya gundi ya kahawia, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukitoa kabatini na kukirudisha. Nilikuwa nikikifungua njiani, hatua kumi na tano kutoka kabati hadi darasani. Ndipo nilipoona kwamba kwenye kurasa kadhaa kuna neno limeongezewa herufi kwa mkono. Kitabu kilichapa S, C, O, P. Mwalimu alikuwa ameweka E mwishoni, ndogo, nadhifu, kwa wino wa buluu, kila mahali neno lilipotokea. Nilivutiwa sana. Niliwaza: huyu mtu amesoma mpaka anasahihisha vitabu.

Naye alitufundisha neno hilo hivyo, kwa imla, akitamka "skopu". "Skopu, koma, ni upeo wa shairi, koma, yaani umbali ambao sauti ya mtunzi inafika, nukta." Tuliandika. Waliotutangulia waliandika. Waliotufuata pia.

Ijumaa moja alitutajia maneno matano, tukayatafutie maana nyumbani, kila mtu kwa akili yake. La tatu nililisikia hivi: aleji. Ndivyo lilivyotoka kinywani mwake, na ndivyo linavyotoka kinywani mwa kila mtu wa milima hii. Sisi, A na E za mwanzo wa maneno ya Kiingereza hatuzitofautishi. Nikapanda gari kuja Bwera kwa mama. Kamusi hatukuwa nayo. Mtu aliyesoma niliyemfahamu alikuwa muuguzi wa zahanati, nikamfuata.

"Aleji?" akasema. "Mwanangu, hiyo ni mwili kukataa kitu. Unakula samaki, unawashwa, unavimba. Mwalimu wa nini huyo anawauliza mambo yetu?"

"Wa fasihi."

"Haya. Labda kuna shairi linalowasha."

Alisema kwa utani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka alama kumi kwa kumi. Niliandika: Aleji ni shairi ambalo mwili wa msikilizaji unalikataa. Nililipenda jibu langu. Hata leo naliona ni jibu la mtu mwenye kipaji.

Jumatatu alilisoma mbele ya darasa. Alilisoma mara mbili, ya pili polepole. Kisha akavua miwani.

"Nimesema eleji. Eleji! Shairi la kumlilia aliyekufa. Huyu wa Bwera anawashwa. Mleteeni dawa ya kupaka."

Msichana mmoja mnene wa benchi la nyuma alicheka mpaka akaanguka chini. Nilisimama, nikasema, "Mwalimu, kama ungetuandikia herufi ningejua."

"Sikio lako liko wapi?"

Mchana ule aliniita ofisini. Alikuwa ameshachora mstari juu ya jina langu kwenye orodha ya fasihi. Akaniambia kilimo kinanifaa zaidi, kwamba Bwera kuna kahawa nyingi na kahawa haina imla. Nikaonekana mjinga mbele ya shule nzima. Jina langu likawa Aleji. Nikipita uwanjani, wavulana walijikuna mikono, mmoja anaanza, wengine wanafuata, mpaka mstari mzima wa foleni ya uji unajikuna. Nilivumilia muhula mmoja. Kisha nikabeba godoro langu nikarudi kwa mama, na mwaka uliofuata nikaenda Nairobi.

Watu hunishauri nisahau. Husema yalikuwa ya utotoni. Wao hakuna aliyejikuna mbele yao.

Nairobi, mwaka wa pili wa diploma, walitupa orodha ya istilahi za fasihi hiyohiyo ya kale. Nikaenda maktaba, nikachukua kitabu kilekile, safi, bila gundi ya kahawia. Nikatafuta neno lile. S, C, O, P. Nikatazama tena. Nikafungua kitabu kingine, na kamusi, na kingine tena. Herufi E haikuwepo popote. Haikuwahi kuwepo. Neno lile si upeo wa kitu chochote. Ni mtu: mwimbaji wa ukumbi wa mfalme, aliyelipwa kusifu walio hai na kukumbuka waliokufa. Mwalimu wangu alikuwa amekuta neno asilolijua, akadhani mchapishaji amesahau herufi, akaiweka. Akamfuta mshairi ndani ya shairi lake mwenyewe, kisha akatusomesha ufutaji huo kwa imla, na koma zake.

Nilicheka maktabani mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama. Nilikuwa salama kuliko siku zote.

Katika orodha ileile kulikuwa na neno jingine lililoniingia bila kamusi. Linatamkwa kama wagildi. Kwa wale watu wa kumbi za mbao, kila mtu alikuwa na thamani yake, na ukimuua, ukoo wako unalipa thamani hiyo kwa ukoo wake. Ukilipa, yameisha. Usipolipa, ndugu wa marehemu wanakudai maisha yao yote, na hakuna anayewaona wabaya. Niliweka kalamu chini. Nikajiuliza wagildi wangu ni nini. Shilingi zake sikuzihitaji. Nilitaka sentensi moja, itoke kinywani mwake, mbele ya watu: nilikosea.

Nikarudi nyumbani na diploma. Nikaandika kijitabu changu cha istilahi, kurasa arobaini, kila neno limeandikwa kwa herufi kubwa na matamshi yake chini. Mifano niliitoa huku kwetu. Watunzi wale wa kale walikuwa na mtindo wa kukiita kitu kwa maneno mawili badala ya jina lake, basi nikawaonyesha wanafunzi wangu: ziwa la Hamukungu ni malisho ya viboko, theluji ya Rwenzori ni chumvi ya mlimani, lori linalongoja kuvuka mpaka ni kobe wa saruji. Waliipenda. Wakaanza kutunga yao, na siku hiyohiyo mmoja akaniita mimi fimbo ya Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku ya darasa langu. Nimepanga chumba nyuma ya duka la vitenge la mama mmoja Mkongomani, chumba kizuri, madirisha mawili, na ubao. Ubao niliununua kabla ya viti.

Kijitabu kikatembea. Kikafika Kasese, na mwalimu mmoja kijana akaniomba niende kuongoza mafunzo ya walimu wa fasihi wa wilaya, siku moja, katika ukumbi wa shule moja ya Nyamwamba. Nikauliza nani watakuwepo. Alipomtaja yule mwalimu wangu wa imla, nikasema nitakuja hata kwa miguu.

Nilijiandaa kama bibi harusi. Nilishona gauni. Nilikwenda kwanza kwenye ile shule yetu, nikamwomba karani anikopeshe kitabu cha kabatini, na alikitoa bila swali, gundi ya kahawia imezidi kuchakaa. Nikatoa nakala ya ukurasa mmoja wenye lile neno kutoka kitabu safi nilichorudi nacho Nairobi. Nikaviweka vyote viwili kwenye mkoba.

Walimu walikuwa thelathini hivi. Yeye alikaa mbele, koti lilelile au ndugu yake, nywele nyeupe. Alinitazama kama mtu anayetazama mhudumu aliyechelewesha chai. Nilipitia maneno machache mepesi, chumba kikachangamka. Kisha nikasema kwa adabu zote:

"Mwalimu wetu mkubwa yuko hapa. Tusaidie, Mwalimu. S, C, O, P."

Alisimama. Akafumba macho. "Skopu, koma, ni upeo wa shairi, koma..."

Na hapo nikasikia kitu ambacho sikukitarajia. Nusu ya ukumbi ilikuwa inasema pamoja naye. Walimu wazima, wenye watoto, macho wamefumba: "... yaani umbali ambao sauti ya mtunzi inafika, nukta." Wote aliwafundisha yeye. Wote wanawafundisha watoto wa Kasese hivyohivyo.

"Hapana," nikasema. "Hakuna E. Huyo ni mtu, mwimbaji wa ukumbi wa mfalme. Na wataalamu wa lugha ile wanalitamka karibu na neno la Kiingereza la duka, 'shop'."

Sauti kutoka nyuma: "Duka?"

"Yaani mfalme alikuwa na duka ukumbini?"

"Madamu, anauza nini? Sukari?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Na katikati ya kicheko hicho mwanamke mnene alisimama, ananikodolea macho, akapiga makofi. Nilimjua kabla hajafungua mdomo: yule wa benchi la nyuma.

"Jamani! Si ni Aleji huyu? Aleji wa Bwera amerudi!"

Akajikuna mkono. Naapa. Mwanamke wa makamo, mwalimu mkuu msaidizi, alijikuna mkono mbele yangu. Na yule mzee alitabasamu, akakaa, akavuta koti lake vizuri.

Kama ningelia, wangesimulia mpaka leo. Nilifungua mkoba. Nikakitoa kitabu, nikakifungua ukurasa wenyewe, nikaweka nakala safi kando yake, nikampa mtu wa kwanza wa safu ya nyuma.

"Tazama," nikasema, "kisha mpe jirani yako."

Kitabu kilianza kutembea, mkono kwa mkono. Kicheko kilikatika kiti kwa kiti. Nilikiona kinavyokufa, safu ya nyuma kwanza, kisha ya kati. Mwanamke mnene alikishika muda mrefu. Aliujua mwandiko ule kama mimi. Alikaa chini na mikono yake ikatulia magotini. Hatimaye kitabu kikafika mbele, kwa mwenyewe.

Alikitazama. Kidole chake kikafika kwenye ile E ndogo ya buluu, kikaisugua kidogo, kama doa la chai.

"Kitabu kilikuwa kimoja," alisema mwishowe. "Nilidhani mchapishaji ameisahau."

"Kwa hiyo, Mwalimu?"

Nilingoja sentensi yangu. Ukumbi mzima ulingoja pamoja nami.

"Tutaliangalia," akasema, akafunga vifungo vya koti, akatoka. Boda boda iliwaka nje, ikaondoka.

Walinipigia makofi. Walinunua vijitabu vyote nilivyobeba. Mwanamke mnene alikuja na soda mkononi akaniambia, "Dada yangu, tulikuwa watoto," nami nikamjibu, "Leo asubuhi ulikuwa mtoto?" Nikaiacha soda pale mezani. Lakini njiani kurudi Bwera nilikuwa na hasira kuliko nilivyokuja. Kuaibika alikuwa ameaibika, ila deni langu halikuwa aibu. Lilikuwa sentensi, na alikuwa ameondoka nayo.

Wiki tatu zikapita. Nikasikia kwamba shule anayofundisha siku hizi, ya binafsi, ina wanafunzi wenye kijitabu changu, na kwamba wanambishia darasani. Akisema skopu, wanatazamana. Mmoja alimuuliza herufi. Nilipoambiwa hilo nilijipikia nyama.

Jumamosi ya wiki ya nne niko katikati ya darasa, na mama wa vitenge akachungulia mlangoni.

"Madamu, kuko muzee moja inje. Iko na koti, iko na jasho. Nimemuuliza anataka kitenge ya rangi gani, anasema hapana, anataka Madamu. Nimupatie kiti?"

"Usimpe," nikasema, nikatoka.

Alikuwa amesimama kati ya marobota ya vitenge, kofia mkononi, vumbi la barabara limefika kwenye nyusi. Alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona anatafuta maneno.

"Nimekuja dukani, Madamu," akasema.

Ulikuwa utani, na ulikuwa utani mzuri, nakiri kama mtu wa fasihi. Sikucheka.

"Unataka nini?"

"Kijitabu. Nakala moja. Watoto wana mtihani."

"Siuzi kwa mtu mmojammoja. Kuna darasa. Ingia, kaa, andika kama wengine. Na kabla hujakaa, utawaambia wanafunzi wangu kuhusu ile herufi."

Mama wa vitenge alikuwa ameacha kukunja vitambaa. "Madamu, huyu ni muzee," alininong'oneza. "Muonee huruma."

"Huyu ni mwalimu wangu," nikamjibu kwa sauti. "Huruma alinifundisha yeye."

Alisimama pale nadhani dakika nzima. Ningekuwa yeye ningeondoka, na najua yeye wa zamani angeondoka. Lakini alipita mbele yangu, akainama chini ya kitenge kilichoning'inia mlangoni, akaingia. Wanafunzi wangu kumi na nane waliinuka kwa heshima bila kujua ni nani. Aliwaashiria wakae.

"Mimi nilifundisha fasihi Kasese," aliwaambia. "Kuna neno niliongeza herufi ambayo haikuwepo. Nikawafundisha watu wengi hivyo. Nilikosea." Akageuza kichwa upande wangu bila kuniangalia. "Na huyu Madamu wenu, nilimkata jina kwa kosa dogo kuliko langu."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Nilidhani ikija nitatosheka. Ilikuja, nikaipokea, na nikaona nafasi imebaki. Kwa hiyo sikumwonyesha ubao. Niliufuta wote, nikaweka chaki dirishani, nikasimama hapo karibu na dirisha, nikafumba macho.

"Eleji, koma, ni shairi la kumlilia aliyekufa, nukta."

Nikasikia kalamu zikikwaruza. Nikaendelea, neno baada ya neno, utendi, kituo cha kati, wagildi, taratibu kama alivyotufundisha yeye. Nilipofika kwenye lile neno nilitoa matamshi yake tu, yale ya wataalamu, yanayofanana na duka. Kalamu zikasimama. Wanafunzi wangu wamezoea ubao. Nilifungua jicho moja.

Mkono wake ulikuwa juu. Mkono wa koti, umenyooka kabisa, kwenye dawati dogo karibu na mlango.

"Herufi zake, Madamu?"

Nilikuwa nimelitunza jibu hilo Nairobi, kwenye basi, kwenye chumba cha mashuka. Nilimpa.

"Sikio lako liko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Alishusha mkono polepole, akainamia daftari.

Saa sita nilikusanya madaftari yote, na lake pia, alilolinunua asubuhi ileile hapo barabarani. Mwandiko ulikuwa uleule, mdogo, nadhifu, wino wa buluu. Eleji alikuwa ameiandika sawa. Wagildi sawa. Kwenye lile neno jingine alikuwa ameandika S, C, O, P, akaacha nafasi ya herufi moja kabla ya koma. Huenda ni mazoea ya mkono. Huenda bado alikuwa anashuku.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka nukta katika nafasi hiyo, nikaikandamiza mpaka ikatokea upande wa pili wa karatasi. Kisha nikampa daftari lake na kijitabu kimoja, nikamfungulia kitenge cha mlangoni apite.